Fungate ya Kilo Sita

Siku Bwana Jumbe alipoishusha mizani yake kutoka juu ya kabati, kuku wote wa Mwera walinyamaza. Wapo watakaosema natia chumvi. Haya, nipunguze: walinyamaza kuku wa nyumba tatu, na hapo sipunguzi tena.

Ilikuwa mizani ya chuma, uso wa mviringo kama saa ya ukutani, na ndoana chini yake. Kwa miaka thelathini na mmoja Jumbe aliitumia kupimia singa za mkonge kwenye shamba alilofanyia kazi. Alipostaafu wakamwachia aondoke nayo, maana kioo kilikwisha pasuka na hakuna mwingine aliyeweza kuisoma. Mtu huyu, akikupa mkono tu, alijua kilo zako. Ndiyo sababu wanawake wanene wa pale walimsalimu kwa kupunga mkono kwa mbali.

Ijumaa ile, saa mbili za asubuhi, akaitundika kwenye boriti ya baraza, akaifuta vumbi kwa kanzu yake ya zamani, akasimama pembeni kama karani anayesubiri lori.

"Bi Sabiha!" akaita. "Lete mzigo wako upimwe. Bodaboda wanakuja saa tatu."

Walikuwa na miezi mitano ya ndoa. Jumbe ana miaka sitini na mbili, alifiwa na mkewe. Sabiha ana hamsini na minne, aliachika zamani akiwa bado msichana wa kutazamwa mara mbili, akakaa peke yake miaka na miaka akishona nguo za watu. Wiki waliyooana mvua za masika zilikata barabara, ndugu wa Tanga hawakufika, na fungate yenyewe ikaishia kuziba paa linalovuja. Jumbe hakusahau. Mashamba yalipokauka akasema: watu hukaa fungate siku saba, sisi wenye magoti yanayolia tutakaa mbili. Ijumaa hadi Jumapili, Tanga mjini. Amekwisha kutafuta chumba kule Raskazone, chenye feni na dirisha la kuangalia bahari. Kesho mchana watakula kwa Hatibu, kaka yake Sabiha, pale Makorora. Jioni watatembea taratibu, watakula mishikaki, watarudi kulala kama watu wasio na kuku.

Na sharti moja tu. "Usijipe shida ya kubeba, mke wangu. Siku mbili tu. Kilo sita zinatosha."

Alilisema Jumatatu. Tangu Jumatatu hiyo Sabiha hakuwa Sabiha. Chai ikikosa sukari haoni. Akiitwa anaitika mara ya tatu. Na kila Jumbe akimtazama usoni, macho yake yanakimbilia kwingine, kama mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji.

Sasa akatoka. Hakutoka na kibegi. Alikuwa anaburuta shangazi kaja, lile begi la mistari ya buluu na nyekundu linalomeza nyumba nzima, limevimba kiasi kwamba zipu imekata tamaa na kufungwa kwa kamba ya katani.

Kizingitini alikaa Tausi, binti yake Sabiha, akichambua mchele. Amekuja tangu jana kutoka kwa mumewe Kigombe ili alinde nyumba na kuku siku hizo mbili. Alipoliona begi akainamisha uso kwenye ungo, lakini mdomo wake ulikuwa umekaza.

"Lahaula," Jumbe akasema. "Ndani yumo nani?"

"Vitu vyangu."

"Sijasema vya jirani. Nisaidie kunyanyua."

Wakalinyanyua wawili, wakalipachika kwenye ndoana. Boriti ikalia. Mshale ukazunguka ukapita ishirini, ukapita thelathini, ukasimama ukitetemeka.

"Thelathini na nane na nusu!" Jumbe akapiga kelele kama yuko shambani. "Mke wangu, huyu bodaboda tutambeba sisi."

Tausi akacheka bila kutaka. Sabiha hakucheka.

"Tulishushe," Jumbe akasema, bado ana furaha. "Tupunguze taratibu, kwa mapenzi. Mimi nimepunguza mizigo ya wanaume wakali. Mama mmoja kutoka Kipumbwi alitaka kwenda Unguja na kinu, mchi, kitanda cha kamba na mbuzi wawili. Nikamshauri. Akaenda na mbuzi mmoja."

"Wewe na hadithi zako."

"Kweli tupu. Yule mbuzi alirudi anaongea Kiunguja."

Akafungua kamba. Akatoa mto.

"Mto wa nini? Hotelini iko mito."

"Silali kwenye mto wa watu. Huu wa sufi nimeujaza mwenyewe."

"Haya, mto nimesamehe." Akatoa sufuria, na ndani yake sufuria nyingine. "Na hizi?"

"Sufuria."

"Naona ni sufuria. Tunakwenda kula vya kupikiwa, Sabiha! Tangu lini bibi harusi akaenda fungate na sufuria?" Akatia tena mkono, akatoa mbuzi ya kukunia nazi, akaishika juu kama samaki mkubwa. "Salaale. Tutakuna nazi ufukweni, wazungu watupige picha."

"Rudisha, Bwana Jumbe."

"Doti moja, mbili, tatu... doti tisa za khanga! Siku mbili! Utavaa moja kila ukigeuza shingo?"

"Nimesema rudisha."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Jumbe angekuwa makini angeisikia. Lakini mwanamume akishapata mchezo huwa mgumu wa masikio, na huyu alikuwa na mchezo na mizani juu yake. Akaingiza mikono yote miwili mpaka chini. Akagusa chuma baridi. Akavuta.

Ilikuwa cherehani. Ile cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika, ambayo Sabiha huifunika kitambaa kila jioni kama mtoto aliyelala. Ameifungia ndani ya shuka, na pembeni ameweka bahasha: cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, picha zake zote.

Jumbe akaiweka sakafuni polepole. Akapita juu ya ungo wa Tausi, akaingia chumbani.

Alisimama mlangoni mwa chumba chao. Kwenye ukuta, upande wa Sabiha, ilibaki misumari tu. Hakuna gauni, hakuna baibui, hakuna mkoba. Mezani hakuna chanuo wala kopo la mafuta. Misumari saba imetoa vichwa ukutani, mitupu.

Aliwahi kuiona misumari mitupu. Miaka minne nyuma, siku ndugu wa marehemu mkewe walipokuja kugawana nguo zake, kama ilivyo desturi, walichukua zote kwa upole na kwa machozi, wakamwachia chumba kilekile chenye misumari hiyohiyo. Alilala sebuleni mwaka mzima.

Akarudi barazani. Mizani ilikuwa bado inabembea.

"Sabiha," akasema, na safari hii hakuwa karani. "Unanihama?"

"Nini?"

"Ukitaka kuondoka, mwanamke mzima, sema. Usiniache nikodi chumba, ninyoe ndevu, nijisifu kwa Badru wa dukani kwamba nakwenda fungate, kumbe wewe unakwenda kwa kaka yako moja kwa moja. Mwanamke habebi cherehani kwenda kula mishikaki."

Sabiha akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Macho yake makubwa, yaliyomfanya Jumbe aoe wakati kila mtu alimwambia umri umepita, yalikuwa yamejaa maji na hasira kwa pamoja.

"Mimi nakuhama? Mimi?" Akasimama. "Ni wewe unayenirudisha kwetu, halafu unanigeuzia maneno!"

"Nani anakurudisha?"

"Siku mbili tu. Usijipe shida ya kubeba. Jumamosi tutakula kwa kaka yako. Unadhani mimi mtoto? Unadhani sijawahi kuyasikia?"

"Umeyasikia wapi? Niliyatunga mwenyewe Jumatatu!"

"Basi hujui kutunga, maana alishayatunga mwenzio."

Jumbe akamgeukia Tausi kama anayeomba shahidi. Tausi akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye ulimi, na tangu mwanzo hakuitaka ndoa ile. Alikwisha mwambia mama yake wazi: umri huu unatafuta nini kwa mwanamume, njoo Kigombe ulee wajukuu zako. Lakini sasa alipowaona wazee wawili wamesimama kila mmoja na woga wake mkononi, sauti yake ikashuka.

"Mwambie, mama."

"Nimwambie nini? Aibu yangu?"

"Hukuniambia kuna aibu," Jumbe akasema. "Uliniambia wewe na Idarusi mliachana kwa wema."

Idarusi alikuwa mume wa kwanza. Jina lake halikutajwa sana nyumba ile.

Sabiha akakaa juu ya shangazi kaja. Akaongea akiitazama cherehani.

"Tulikuwa tunakaa Muheza. Tausi ana miaka sita. Siku moja Idarusi akaniambia, kwa sauti nzuri hasa, sauti ya mtu anayekupenda: Sabiha, umechoka. Nenda Tanga ukawasalimie wazee. Siku mbili tu. Usijipe shida ya kubeba." Akaisogeza ile shuka pembeni. "Nikafurahi mimi. Nikachukua kikapu, doti moja, na gauni la huyu mtoto. Akanisindikiza mpaka stendi. Akamnunulia Tausi chungwa, akalimenya mwenyewe."

"Nalikumbuka lile chungwa," Tausi akasema. "Lilikuwa tamu. Mpaka leo nalichukia."

"Jumapili nimeshavaa, nimeshaaga, nasubiri gari. Pikapu ya machungwa ikasimama nje kwa baba. Juu ya machungwa, sufuria zangu. Juu ya machungwa, godoro langu, na nguo zangu zimefungwa kwenye shuka. Dereva akampa baba barua, akasema kaambiwa asisubiri jibu. Talaka. Tulishusha vitu, mtaa mzima umetoka kutazama, machungwa yanadondoka watoto wanagombania." Akapitisha kidole kwenye gurudumu la cherehani. "Cherehani yangu ya kwanza haikuja. Niliinunua mwenyewe, kwa kushona. Alibaki nayo. Mke mpya alikuwa anajua kushona."

Kuku mmoja alipanda barazani akaanza kula mchele wa Tausi, na Tausi akamwacha.

"Wala sikulia kwa kuachwa," Sabiha akaendelea. "Wanawake wanaachwa. Nililia kwa kuwa nilikwenda kwa miguu yangu, nacheka, na kikapu mkononi. Nikasema sitatoka tena nyumba ya mtu na kikapu. Ukinirudisha, Jumbe, nirudi na cherehani yangu. Sitaki kuletewa vitu kwenye pikapu. Ndiyo hivyo. Sasa umejua, cheka."

Jumbe hakucheka. Alikaa chini, hapohapo sakafuni, miguu mbele, kama mtoto.

Wanaume wengi mahali kama hapo huapa. Wangeapa kwa msahafu, kwa kaburi la mama, kwa macho yao yote mawili. Na Jumbe alikuwa mwepesi wa viapo, kila mtu anajua. Lakini kwa mara ya kwanza aliona kuwa maneno yake yamezoeleka mno. Aliyekwisha simulia habari za mbuzi anayeongea Kiunguja, akiapa ataaminiwa kwa lipi?

Akatia mkono kinywani.

"Bwana Jumbe," Sabiha akasema kwa mshtuko. "Unafanya nini?"

Ni hivi. Jumbe alikuwa na meno manne ya mbele ya kubandika, ya juu, na hilo lilikuwa siri yake kubwa ambayo Mwera nzima iliijua. Hajawahi kuonekana bila meno hayo. Huyaosha nyuma ya nyumba kabla jua halijatoka, na katika miezi mitano ya ndoa hata mkewe alikuwa hajamwona. Ukimuuliza yale ya asili yalikwenda wapi, hupati jibu moja. Mara aliyapoteza akiuma kamba ya lori lililokuwa linateremka na watu kumi ndani. Mara papa wa Ushongo. Mara alipigwa teke na farasi wa meneja, na farasi akafa.

Sasa akayatoa, mbele ya mkewe na mbele ya mtoto wa kambo, mchana kweupe. Mdomo ukaingia ndani, akawa mzee ghafla, mzee wa kweli. Akayafuta kwa leso safi, akayakunja ndani ya leso hiyo.

"Yalioza," akasema. Maneno yalitoka na upepo mwingi. "Farasi hakuna. Papa hakuna. Yaliuma, nikaogopa daktari wa Muheza, nikakaa mwaka mzima natafuna upande mmoja, yakaoza yote manne."

Tausi akaziba mdomo kwa khanga.

"Nawe cheka, mwanangu, ruhusa. Sabiha, kiko wapi kile kibegi chako kidogo, cha zipu moja?"

Sabiha akainuka kidogo, akakivuta kutoka ndani ya begi. Hata hicho alikuwa amekipakia ndani ya shangazi kaja. Jumbe akakifungua, akaweka ile leso chini kabisa.

"Hayo yabebe wewe. Mimi sitayagusa. Kwenye begi langu nitabeba shati na dawa za presha tu. Nikikurudisha kwenu, utabaki nayo. Nami nitarudi Mwera hivi nilivyo, nipite mbele ya duka la Badru bila meno, nikiulizwa mke yuko wapi nijibu kwa mdomo huu." Akapumua. "Unanijua. Ningekubali kupoteza mguu kwanza."

Sabiha alimtazama mzee yule aliyekaa sakafuni. Kuna mambo mwanamke huyaona kwa mwanamume mara moja katika maisha, na si pale anapopendeza. Alijaribu kushikilia hasira yake, ikamponyoka. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, kikatoka pamoja na machozi, mpaka akainama akashika mbavu.

"Na kesho utakulaje nyama ya Hatibu?"

"Nitakula mchuzi. Wewe ndiye mwenye ufunguo."

Bodaboda wawili walikwisha fika, wanapiga honi nje. Sabiha akajifuta uso. Akainama, akaibeba cherehani kwa mikono miwili, akapita nayo mbele ya Jumbe, akaingia chumbani. Walisikia ikitua mezani. Walisikia ikifunikwa kitambaa. Alipotoka, akachagua doti mbili, gauni moja, chanuo. Akautazama mto wa sufi.

"Mto nilisamehe," Jumbe akasema upesi. "Nilishatoa hukumu."

"Uache. Nitalalia mkono wa mtu."

"Mama!" Tausi akasema.

"Wewe chambua mchele. Kuku wamekumalizia."

Kibegi kikatundikwa kwenye ndoana. Mshale ukainuka kidogo tu. Jumbe akasogeza uso kwenye kioo kilichopasuka.

"Kilo nne na nusu."

Tausi akawasindikiza mpaka njiani. Alipomshika mkono baba yake wa kambo kumuaga, hakuuachia mara moja. "Mrudishe hapa Jumapili, baba," akasema. Siku zote alikuwa akimwita Mzee Jumbe. Jumbe akafunga mdomo, akaitikia kwa kichwa.

Pale Bweni walisubiri pantoni ya kuvuka mto kwenda Pangani. Waliokuwa wanamfahamu walishangaa. Jumbe, ambaye huwachosha hata samaki kwa maneno, alikuwa ametulia kama imamu. Mtu akimsalimu anaweka mkono kifuani. Akiulizwa safari ya wapi anainua nyusi kuelekea mkewe. Sabiha ndiye aliyejibu kwa niaba yake, shingo imenyooka, kibegi mapajani.

"Tunakwenda fungate."

Pantoni ilipofika katikati ya maji, akafungua zipu. Akatoa leso, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, akakikunja kile kiganja vidole kwa vidole.

Jumbe akamtazama haelewi. "Tumepatana mpaka Jumapili."

"Vaa. Hatibu anataka kumwona shemeji, si babu."

"Na wewe utabaki na nini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na swali halikuwa la mzaha. Sabiha alitazama nyuma, ufuko wa Bweni unasogea mbali, na kule ndani zaidi Mwera, cherehani mezani, misumari ukutani. Akatazama mbele. Moyo wake ulikuwa unadunda, hakuna uongo hapo. Lakini ulidunda mahali pake.

Akakipachika kile kibegi kwenye kidole kimoja, akakiinua juu baina yao.

"Kilo nne na nusu," akasema.

Jumbe aligeukia majini, akayavaa meno yake, akageuka tena. Akakipokea kibegi, akakipima kwa mkono, macho ameyafumba, kama alivyofanya miaka thelathini na mmoja.

"Si kweli," akasema taratibu. "Sasa zimepungua."